Deni la Mjane

Msomaji, huenda umepata kupita katika Mtaa wa Kimathi, jijini Nairobi, ukaiona sanamu ya mtu mwenye nywele za kusokotana na bunduki mkononi. Ilizinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka hamsini kamili tangu Dedan Kimathi aliponyongwa katika gereza la Kamiti. Lakini sikusudii kusema juu yake. Nakusudia kusema juu ya mkewe, Mukami, aliyeishi baada yake miaka sitini na sita, akalea watoto, akawa nyanya wa wajukuu wengi, akafariki tarehe 4 Mei 2023 umri wake umepita miaka tisini. Katika muda huo wote alikuwa na ombi moja kubwa kwa serikali, nalo ni kupewa mifupa ya mumewe apate kuizika.

Wajane wa mashujaa hupatwa na msiba wa pili, ambao ni kusahauliwa kwamba nao walikuwa na mikono yao wenyewe. Mukami hakuwa mwanamke wa kukaa mekoni akingoja habari. Baada ya hali ya hatari kutangazwa mnamo Oktoba 1952, naye aliingia katika vita vya msituni. Vita vile visingeweza kudumu hata mwezi mmoja bila wanawake: wao ndio waliopeleka chakula, wao ndio waliopenyeza risasi na habari mbele ya macho ya askari. Malipo yake yalikuwa kifungo. Mume alipotiwa mbaroni Oktoba 1956, akahukumiwa Nyeri na kuletwa Kamiti, mke alikuwa tayari mfungwa papo hapo. Usiku wa mwisho wa uhai wake Kimathi alimwandikia barua padre mmoja wa Nyeri, na barua hiyo ipo hata leo. Ndani yake amemtaja mkewe aliye kifungoni, na mwanawe anayehitaji shule. Kulipokucha alinyongwa, akafukiwa ndani ya gereza pasipo alama yoyote. Watu waliofikwa na kitanzi katika miaka ile ya hatari walizidi elfu moja.

Uhuru ulipatikana mwaka 1963. Hata hivyo sheria ya mkoloni iliyopiga marufuku Mau Mau ilibaki vitabuni hadi mwaka 2003. Nelson Mandela alipozuru Kenya mwaka 1990, muda mfupi baada ya kutoka kifungoni, alimsifu Kimathi hadharani kuwa ni miongoni mwa watu waliompa moyo. Mgeni akasifu kile ambacho mwenyeji hakuwa amekifuta katika orodha ya makosa. Heshima zilifuata moja baada ya nyingine. Jina la Kimathi lilipewa mtaa, tena chuo kikuu huko Nyeri, na sanamu ikasimamishwa. Mukami aliposhukuru kwa haya yote, aliendelea kuuliza swali lake lile lile.

Hapa ndipo nataka tufikiri pamoja. Mtu akikudai mbuzi, nawe ukampelekea mikungu kumi ya ndizi, je, umelipa? Ndizi ni chakula kizuri, na huenda thamani yake ikamshinda mbuzi. Walakini mdeni hana mamlaka ya kuchagua atakachotoa. Mtaa, sanamu na chuo ni zawadi ambazo taifa lilijichagulia, na taifa lenyewe ndilo linalozitumia: sisi ndio tunaotembea mtaani na kusoma chuoni. Alichodai mjane kilikuwa na faida kwake na kwa jamaa zake peke yao. Nadhani ndiyo sababu kilichelewa.

Kijana mwenye akili kali atanipinga. Atasema: maiti hasikii wala haoni, mifupa ni chokaa tu, na Mukami sasa naye amekufa, kwa hiyo hakuna tena wa kudai. Ataongeza kwamba Wagikuyu wa zamani hawakuwa na desturi ya kumzika kila mtu, bali wengi wao waliachwa porini, na kaburi likawa ni heshima ya wazee waliokamilisha mambo yao. Hoja hii ya pili ni ya kweli, lakini yamgeukia mwenyewe: kama kaburi lilikuwa heshima ya mzee, basi kumnyima Kimathi kaburi ni kumwambia kwamba hakuwahi kuwa mzee wa mtu yeyote. Tena walioficha mifupa ile waliijua thamani yake. Mtu hafichi chokaa.

Ama kuhusu hoja ya kwanza, tazama mambo yalivyo. Baba yako akikuachia wosia, hufikiri kuwa wosia umekufa kwa sababu yeye hawezi kukukemea. Deni la aliye hai hulipwa pengine kwa hofu ya mahakama au ya aibu. La aliyekufa halina askari. Ukililipa, umelilipa kwa kuwa ni haki tu, na mimi naona hapo ndipo mtu ajuapo kama alikuwa mwaminifu tangu awali au alikuwa mwoga tu.

Wala si Mukami peke yake. Wambui Otieno, aliyekuwa mpelelezi wa Mau Mau Nairobi, alifiwa na mumewe Desemba 1986, akapigania kumzika mahali alipotaka yeye. Maiti ikangoja miezi mitano, na mahakama ikawapa watu wa ukoo. Wanawake hawa wawili waliweza kupambana na dola ya Kiingereza, ila hawakuweza kuwazika waume zao walivyotaka.

Mukami alizikwa Njabini, Nyandarua, tarehe 13 Mei 2023. Rais wa nchi alihudhuria pamoja na wakubwa wengi, na mbele ya jeneza ikatolewa ahadi kwamba mabaki ya Kimathi yatatafutwa. Miaka minne kabla yake, wakfu wenye jina la Kimathi ulikuwa umetangaza kwamba kaburi limepatikana Kamiti, nayo serikali ikakana. Kaburi la Mukami lajulikana, na wajukuu wake waweza kulipalilia. La babu yao bado limo ndani ya kuta za gereza.