Mafunzo yasiyo na kengele

Jioni moja pale kwa mama chai, upande wa Jebel hapa Juba, vijana wangu walikuwa wameinamia simu moja. Nasema vijana wangu kwa sababu nafanya kazi nao: mpira siku mbili kwa wiki, masomo Jumamosi, na katikati ya hapo maneno mengi. Siku hiyo walikuwa wanabishana ni jeshi gani duniani lina mafunzo magumu kushinda yote.

Wa kwanza alisema ni Navy SEALs wa Marekani. Kule California kuna wiki moja wanaiita Wiki ya Jehanamu, siku tano na nusu, na usingizi wa siku zote hizo ukiujumlisha ni kama saa nne tu. Unalowa baharini, unabeba mashua kichwani, unakimbia. Wa pili akasema hao ni watoto, SAS ya Uingereza ndiyo kiboko. Huko unatembea milima ya Wales peke yako na mzigo na ramani, na safari ya mwisho ni kilomita 64. Wa tatu akaleta Ranger School, siku 62 za njaa, milimani na kwenye vinamasi vya Florida. Kelele ikawa nyingi mpaka mama chai akawaambia wapunguze sauti au wanunue chai nyingine.

Mzee mmoja alikuwa amekaa hapo na glasi yake. Akauliza swali moja tu: "Na huyo kijana akichoka kabisa, anafanya nini?"

Wakamweleza. Kwa SEALs kuna kengele ya shaba. Ukishindwa unaigonga mara tatu, unaweka kofia yako chini kwenye mstari na za wenzako walioacha, basi, umetoka. Unaenda kula na kulala, halafu unapewa kazi nyingine.

Mzee akacheka. "Basi yetu ilikuwa mbovu. Haikuwa na kengele."

Huyo mzee alikuwa mtoto alipotembea kwenda Ethiopia mwaka 1987, pamoja na maelfu ya watoto wengine. Mwaka 1991 serikali ya Mengistu ilipoanguka wakafukuzwa, wakavuka mto Gilo huku wakipigwa risasi, na wengi walibaki majini. Mwaka 1992 wakafika Kakuma, kambi ambayo mimi nililelewa. Alimaliza chai yake akaenda zake. Mimi sikulala vizuri usiku ule.

Nikaanza na swali la vijana lenyewe, kwa sababu si swali la kijinga. Ugumu unapimwaje? Wengi wanahesabu walioacha. Kwa SEALs, kati ya kumi wanaoanza, saba au wanane hawafiki mwisho. Kwa Ranger School karibu nusu hawafuzu. Kwa hiyo SEALs ni wagumu zaidi? Hapana, hesabu hiyo haisimami, kwa sababu wanaoingia si watu wa aina moja. SAS inachukua watu ambao tayari ni wanajeshi. Kwa SEALs anaweza kuingia kijana ambaye juzi tu alikuwa raia. Ukiwapa mtihani wa darasa la nane watoto wa darasa la nne wakaanguka wote, hujathibitisha kwamba mtihani ni mgumu.

Tena kila moja inapima kitu chake. SEALs wanapima baridi, maji na kukosa usingizi, na kama bado utambebea mwenzako upande wako wa mashua. SAS inapima upweke: hakuna anayekupigia kelele, hakuna anayekuambia unafanya vizuri, uamuzi wa kuendelea ni wako peke yako. Ranger School inapima kama unaweza kuongoza wenzako wote mkiwa na njaa, halafu wenzako haohao wanakupa alama. Kuuliza ipi ngumu zaidi ni kama kuuliza kipi kizito zaidi, kiu au huzuni.

Lakini zote zina kitu kimoja, na mzee alikiona mara moja. Zote zina mlango wa kutokea. Pia zina mtu anayeandika. Njaa ya Ranger School kuna mtu ameipanga na daktari yuko karibu. Hata hivyo watu wanakufa. Mwaka 1995 wanafunzi wanne walikufa kwa baridi kule Florida. Mwaka 2013 watatu walikufa kwa joto kwenye matembezi ya majaribio ya SAS. Mwaka 2022 kijana mmoja alifariki saa chache tu baada ya kumaliza Wiki ya Jehanamu. Kila mara kulifanyika uchunguzi, watu wakaulizwa maswali, kwa sababu hata huko wanakubali kwamba mafunzo hayakusudiwi kuua. Nani alifungua faili la mto Gilo?

Njoo sasa hapa kwetu. Baada ya mkataba wa amani wa Septemba 2018, wapiganaji wa pande zote walikusanywa kwenye vituo vya mafunzo ili wawe jeshi moja. Walikaa miezi, halafu mwaka, halafu zaidi. Chakula kilikosekana, dawa zilikosekana, wengine walifanya gwaride na bunduki za mbao. Wengi waliondoka kutafuta chakula. Waliobaki wa kundi la kwanza walifuzu tarehe 30 Agosti 2022 hapa Juba, kwenye uwanja wa kaburi la John Garang. Je, walioondoka ni dhaifu? Kwa hesabu ya kengele ungesema wameshindwa. Mimi nasema hawakushindwa mtihani wowote, maana hakuna aliyekuwa anawapima. Lori la chakula tu ndilo halikufika.

Hapo ndipo jambo langu lilipo, na naliandika pia kwa ndugu zetu wa mashirika wanaosoma jarida hili. Kuna neno mnalipenda kwenye ripoti: ustahimilivu. Mnasema wakimbizi ni wastahimilivu. Najua mnasema kwa nia nzuri. Lakini neno hilo linageuza maisha yetu kuwa kama majaribio ya kuchagua makomando, sisi tuliobaki tukawa waliofuzu. Na waliokufa njiani? Kwa lugha hiyo wao wameanguka mtihani. Watoto waliozama Gilo hawakuwa wavivu. Kadogo wa Kongo waliotembezwa na bunduki hadi Kinshasa mwaka 1997, wakafa kabla ya kufika, hawakukosa moyo. Hakuna aliyewauliza kama wanataka kuingia, na hakuna aliyewaonyesha pa kutokea. Ukinipa sifa kwa sababu niliishi, umemlaumu ndugu yangu bila kujua.

Rafiki yangu mmoja alisoma hapa akanipinga. Akasema, "Sasa wewe unamnyang'anya mzee fahari yake. Kwani hakufanya kitu?" Swali hilo lilinirudisha kwa mzee mwenyewe. Nilimuuliza, mzee, unajivunia nini katika safari ile? Nilidhani atasema kutembea. Akasema kutembea si lolote, hata ng'ombe alitembea. Anachokumbuka ni kijana mmoja mkubwa kidogo kuliko yeye aliyekuwa na maji kwenye chupa, akampa nusu, bila kujua kama mbele kuna maji mengine. "Yule angeweza kusema hapana," mzee alisema. "Nani angemjua?"

Nadhani hilo ndilo jibu. Kuvumilia peke yake hakustahili sifa wala aibu, kama huna njia nyingine. Kinachostahili sifa ni pale mtu angeweza kukataa na hakukataa. Hata ndani ya shida isiyo na kengele kulikuwa na nafasi ndogo kama hizo, za nusu chupa ya maji. Sifa tuziweke hapo.

Ningependa kuishia hapo, lakini kuna kijana mmoja kati ya wale wa simu. Ana miaka 17. Wiki iliyofuata aliniita pembeni akaniambia anataka kwenda jeshini. Nikamwambia mambo ambayo sisi watu wa vijana husema: sheria ya mtoto ya 2008 inakataza chini ya 18, masomo kwanza, mama yako je. Alinisikiliza kwa adabu halafu akasema, "Ticha, maisha yangu yote ni magumu na sijawahi kuchagua hata moja. Angalau hiyo nitakuwa nimechagua."

Nilikosa la kusema, maana alikuwa ametumia hoja yangu mwenyewe. Baadaye nilimuuliza: kama nyumbani kungekuwa na chakula na karo ya shule, bado ungetaka? Alifikiri muda mrefu. Akasema, "Sijui." Nikamwambia basi bado hujachagua, ni njaa inayochagua. Kengele lazima iwepo hata kabla ya kuingia. Hakukubali wala hakukataa.

Tangu hapo nimebadilisha kitu kimoja tu kwenye kazi yangu. Tuna mbio za asubuhi siku za Jumamosi, kabla ya masomo. Sasa tumekubaliana kwamba anayechoka anasema "basi", anakaa kando ya barabara, na hakuna kumcheka. Wakubwa walilalamika kwamba wote watakaa. Wiki ya kwanza walikaa sita, na yule kijana wangu alikuwa mmoja wao. Wiki iliyofuata walikaa wawili, yeye akafika mwisho. Sikumwambia hongera nyingi. Nilimuuliza tu ilikuwaje. Akasema ilikuwa ngumu zaidi kuliko zamani, kwa sababu kila hatua alijua anaweza kuacha.

Bado hajaniambia ameamua nini kuhusu jeshi. Mwaka ujao anatimiza 18. Karo yake ya muhula huu haijapatikana, na mimi bado naitafuta.