Je, Marehemu Anaweza Kusengenywa?



Swali langu la leo ni la ajabu kidogo, ila linatuhusu wengi tunaotembea na spika masikioni: mtu aliyekwisha kufa anaweza kusengenywa? Na kama anaweza, yule anayesikiliza tu, bila kusema neno, ana kosa gani?

Swali limetoka kwenye podikasti. Ziko nyingi sasa zinazosimulia filamu za zamani na muziki wa zamani, na baadhi ni nzuri kweli. Iko Song Exploder, iliyoanzishwa na Hrishikesh Hirway mwaka 2014, ambapo mwanamuziki mwenyewe anaufungua wimbo wake kipande kwa kipande, ngoma peke yake, sauti peke yake, mpaka unaelewa ulivyojengwa. Iko A History of Rock Music in 500 Songs ya Mwingereza Andrew Hickey, ambaye tangu 2018 anachukua wimbo mmoja mmoja na kuutumia kueleza historia nzima ya muziki huo. Na iko You Must Remember This ya Karina Longworth, nayo ya 2014, inayohusu Hollywood ya karne ya kwanza.

Ile ya Hirway haisumbui dhamiri. Mwenye wimbo yupo, anaongea mwenyewe, akitaka kuficha jambo analificha. Shida inaanza pale mwenye habari hayupo na hatakuwepo tena, na sisi tumekaa raha mustarehe tunasikiliza alilala na nani, alikunywa nini, alikufaje. Hata vipindi vyetu vya zilipendwa redioni vinajua jambo hili. Wimbo unapigwa dakika nne, halafu stori ya nani alimnyang'anya nani mke inachukua robo saa. Na tukubaliane tu, wengine huwa tunangojea hiyo robo saa.

Nichukue kisa kimoja. Roscoe Arbuckle alikuwa mchekeshaji wa filamu zisizo na sauti, mmoja wa waigizaji waliolipwa fedha nyingi kuliko wote wakati wake. Ndiye aliyemwingiza Buster Keaton kwenye filamu mwaka 1917. Septemba 5, 1921, kulikuwa na sherehe katika vyumba vyake kwenye hoteli ya St. Francis, San Francisco. Mwigizaji mmoja wa kike, Virginia Rappe, aliugua pale, na siku nne baadaye akafa kwa sababu kibofu chake kilikuwa kimepasuka. Arbuckle akashtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Magazeti, hasa yale ya William Randolph Hearst, yakauza habari hiyo kama maandazi ya asubuhi. Kesi ilisikilizwa mara tatu. Mara ya kwanza wazee wa baraza kumi walitaka aachiwe na wawili wakakataa; mara ya pili kumi walitaka atiwe hatiani na wawili wakakataa; mara ya tatu, Aprili 12, 1922, wote kumi na wawili walimwachia baada ya dakika chache tu, na wakaandika barua ya kumwomba radhi. Siku sita baadaye Will Hays, aliyekuwa msimamizi mpya wa maadili ya filamu, akapiga marufuku filamu zake. Marufuku iliondolewa kabla mwaka haujaisha, lakini jina lilikuwa limekwisha. Aliongoza filamu kadhaa kwa jina la bandia na akafa mwaka 1933 akiwa na miaka 46.

Ungedhani kifo kingemaliza maneno. Mwaka 1959 Kenneth Anger alichapisha nchini Ufaransa kitabu cha kashfa za waigizaji, Hollywood Babylon, kilichokuja kuenea sana Marekani kwenye miaka ya sabini. Ndani yake mna uvumi mwingi kuhusu marehemu, na kisa cha Arbuckle kimo. Karibu miaka sitini baadaye, mwaka 2018, Longworth alitoa mfululizo mzima wa vipindi vya kukipima kitabu hicho, habari kwa habari: hii ni kweli, hii si kweli, hii imeongezwa chumvi.

Sasa turudi kwenye swali. Wengine watasema: amekufa, hasikii, haumii, mwacheni. Aristotle alilikuta wazo hili na hakuliruka. Katika kitabu cha kwanza cha Maadili yake kwa Nikomako anauliza kama mambo ya waliobaki yanaweza kumgusa marehemu, na anaona kwamba mtu anaweza kupatwa na jema au baya hata bila kulihisi, kama ambavyo hata aliye hai anaweza kupatwa nalo bila kujua. Fikiria mtu aliyeko safarini Mtwara huku nyumbani Bukoba watu wanamzushia wizi. Hajui. Lakini huwezi kusema hajadhulumiwa mpaka siku atakapopata habari. Dhuluma ilifanyika palepale maneno yalipotoka.

Aristotle anaishia na mashaka, anasema mambo hayo yakimfikia marehemu basi yanamfikia kwa udogo. Sisi Wakristo hatuwezi kuishia hapo. Kwetu marehemu si kumbukumbu tu, ni mtu anayeishi mbele ya Mungu. Tunamwombea, tunamtajia jina katika Misa. Huwezi kumwombea mtu asubuhi kama mtu, halafu jioni ukamsema kana kwamba ni gogo.

Mtakatifu Thomas wa Akwino analigusa jambo hili katika Summa, kwenye swali la 73 la sehemu ya pili ya pili. Anatofautisha kumtukana mtu usoni na kumsengenya. Anayetukana anasema waziwazi, na mwenyewe anaweza kujibu. Msengenyaji anavunja jina la mtu kwa siri, mwenyewe asijue. Sasa niambie, nani hayupo kuliko marehemu? Wote wengine wanaweza kurudi ghafla wakiwa mlangoni. Yeye hataingia mlangoni kamwe.

Hapa kuna pingamizi zito, na sitaki kulipita haraka. Ule msemo kwamba marehemu hasemwi vibaya umetumika vibaya sana. Watu wakubwa walioumiza watoto na wanawake wamezikwa kwa sifa, na waliowaumiza wakaambiwa wanyamaze, eti heshima ya marehemu. Kanisa letu linaijua aibu hii kwa ndani. Kunyamaza kwa jina la kulinda heshima kuliwaacha waathirika bila mtetezi, na huko si kushika amri ya nane, ni kuivunja kwa upande mwingine. Katekisimu (namba 2477) haisemi kwamba kila kutaja kosa la mtu ni dhambi. Inasema anakosa yule anayefichua makosa ya mwenzake kwa wasioyajua pasipo sababu ya haki. Mwanahistoria anayetafuta ukweli anayo sababu. Mwathirika anayetaka kusikika anayo, tena kubwa. Ndiyo maana sioni ubaya mtu akisimulia historia ya muziki wa roki na kusema wazi kwamba mwanamuziki fulani mashuhuri aliwapiga wanawake. Kukaa kimya pale ni kumsengenya mwanamke kwa ukimya, kama naweza kusema hivyo.

Na kisa cha Arbuckle kinatuonyesha mtego mwingine. Wanaomtetea mara nyingi humsafisha kwa kumchafua Virginia Rappe. Mawakili walianza mahakamani, wakichimba maisha yake na magonjwa yake. Vitabu vya baadaye vikaendeleza uvumi wa aibu juu yake. Yaani msichana alikufa akiwa na miaka 30, na kwa karibu miaka mia amekuwa kama kiambatanisho cha kesi ya mwanamume. Longworth alikiita kipindi chake kwa majina ya wote wawili. Ni jambo dogo, lakini nililipenda.

Msikilizaji je? Thomas ana kifungu kizima juu yake, kifungu cha nne, na ukikisoma leo utadhani alikuwa na simu. Anasema anayemchochea msengenyaji, au anayefurahia jina la mtu kuvunjwa, hatendi dhambi ndogo kuliko msemaji, na mara nyingine inamzidi. Asiyefurahia ila akanyamaza kwa woga, uzembe au aibu, naye anakosa, ila kwa kiasi kidogo zaidi. Kwenye daladala, ukisikia umbea, unaweza kusema jamani tuache. Kwenye podikasti huwezi kumkatiza mtu. Kwa hiyo tunajiona hatuna hatia, maana sisi ni masikio tu.

Sikubaliani na hilo, na sababu yangu ni ya kawaida kabisa: podikasti inaishi kwa kuhesabiwa. Ukipakua, umehesabiwa. Matangazo ya biashara yanakwenda kule wasikilizaji waliko wengi, na mtayarishaji anatazama ni kipindi gani kilisikilizwa zaidi ili atengeneze kingine kama hicho. Basi kile Thomas anachokiita kumchochea msengenyaji, sisi tunakifanya kwa kidole gumba na bando la shilingi elfu moja. Hearst alihitaji mtu anunue gazeti. Anayehitaji leo anahitaji tu tusizime.

Kipimo ninachokitumia ni furaha yangu inakaa wapi. Kuna furaha ya kuelewa: kumbe ndivyo filamu zile zilivyotengenezwa, kumbe wimbo huu ulizaliwa kwenye msiba. Na kuna ile furaha nyingine, unaijua, ya kusikia kwamba mkubwa naye ameanguka. Inafanana na ya kwanza kwa sura, zote zinakufanya ucheleweshe kulala. Ila ya kwanza inakurudisha kwenye kazi yenyewe, unataka kuitazama filamu. Ya pili inataka kipindi kingine tu. Waliosikia kashfa ya Arbuckle ni wengi kuliko waliowahi kumwona akichekesha, ingawa filamu zake fupi na Keaton ziko wazi kwenye YouTube, na ile ya kwanza, The Butcher Boy, haifiki nusu saa.

Jambo moja bado linanisumbua. Katekisimu (2487) inadai malipizi: aliyemharibia mtu jina lazima atengeneze, na asiyeweza kulipwa moja kwa moja alipwe kimaadili, kwa ajili ya upendo. Marehemu unamlipaje? Kusahihisha hadharani, kama alivyofanya Longworth, ni njia mojawapo. Kumwombea ni nyingine. Novemba parokia nyingi hupokea majina ya marehemu wa kuombewa, bibi, babu, jirani. Sijawahi kusikia katibu wa parokia akiuliza mlifahamianaje. Mwaka huu kwenye karatasi yangu, chini ya majina ya ukoo, nimeandika Virginia na Roscoe.