Mavuno Ni ya Nani?

Mtu wa Sange avunapo maharage katika bonde la Ruzizi husema, «Haya ni jasho langu.» Je, asema kweli yote?

Chimbueni polepole mharage mmoja ulio mbichi. Mizizini mtaona vinundu vidogo. Pasueni kimoja: kikiwa chekundu ndani, kingali kizima, nacho kinafanya kazi. Humo hukaa vijidudu visivyoonekana kwa macho, viitwavyo bakteria. Mmea huvipa sukari; navyo hutwaa naitrojeni iliyomo hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Mjerumani Hellriegel alitangaza kazi ya vinundu hivyo mwaka 1886.

Basi jasho ni letu, lakini kazi si yetu peke yetu. Na asiyefanya kazi peke yake hana haki ya kutwaa vyote. Ang'oaye mizizi yote na kuichoma nyumbani humnyima atakayelima nyuma yake, awe mwanawe au jirani aliyeazimwa shamba. Kateni mashina, mkaiache mizizi ioze udongoni.

Tena kila mmoja ajiulize: aliyenitangulia katika shamba hili aliniachia nini?