Jicho la Asiyeweza Kukataa

Mbwa wa ploti akiamka na jicho limevimba, kila mtu anageuka daktari. Huyu anasema ni nyuki. Yule anataka aoshwe na maji ya chumvi. Wa tatu anakumbuka matone yaliyobaki dadake alipougua macho mwaka jana, yako tu hapo kabatini. Hakuna mwenye roho mbaya kati yao, na hilo ndilo linalonisumbua.

Maana baadhi ya matone hayo yana steroidi. Kama chini ya uvimbe kuna kidonda kwenye konea, kile kioo cha mbele cha jicho, steroidi huzuia kidonda kupona na jicho linaweza kutoboka. Vidonge vyetu vya maumivu navyo si mchezo: ibuprofeni inaweza kumtia mbwa vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Tena uvimbe haujitaji jina. Unaweza kuwa mwiba, au jino la juu lililooza, kwa sababu mizizi ya meno hayo iko chini tu ya jicho. Unaweza kuwa presha ndani ya jicho lenyewe, glakoma, inayoweza kumpofusha kwa siku moja au mbili.

Mwaka 1789 Jeremy Bentham aliandika kwamba swali kuhusu wanyama si kama wanafikiri au wanasema, bali kama wanaumia. Sawa. Lakini pale getini hakuna anayebisha kwamba Simba anaumia. Anajisugua ukutani na wote wanaona. Swali gumu ni lingine: nani amekupa ruhusa ya kubahatisha kwa mwili usio wako? Mtu mzima atakushika mkono akuulize hiyo ni dawa gani. Mtoto atalia, mamake atoke mbio. Mbwa anakuamini, anatulia, unatia.

Utaniambia daktari wa mifugo ni pesa na kodi ya nyumba haijalipwa. Ni kweli. Lakini kukosa pesa hakumlazimishi mtu kutia matone. Unaweza kumpigia daktari simu umuulize tu, na kumzuia mbwa asijikune hata kwa ndoo kuukuu iliyokatwa kitako, bora isimkabe.

Halafu hiyo pesa, mbona iwe ya mtu mmoja? Usiku akibweka wezi wakahepa, ni mbwa wetu sote. Bili ikija, ghafla ni mbwa wa soja, ambaye ndiye mwenye mshahara mdogo kuliko wote hapo. Milango ishirini, kila mmoja utoe mia, nduthi imfikishe kliniki kabla ya jioni.