Je, Gitaa Lina Dhambi?

Mwaka 1972, katika mji wa Fort Wayne, jimbo la Indiana huko Marekani, vijana wanne Wakristo waliunda kundi la waimbaji, wakaliita Petra, neno la Kigiriki lenye maana ya mwamba. Mwaka 1974 walitoa santuri yao ya kwanza, yenye jina hilo hilo. Maneno yake yalimtangaza Kristo. Sauti yake ilikuwa ya magitaa ya umeme na ngoma za roki. Wakristo wengi wa huko waliupinga muziki wa namna hiyo, wakiuliza kama chombo kilichozoea kutumikia anasa chaweza kumtukuza Mungu.

Swali hilo si la kudharauliwa, kwa maana wazazi walioliuliza waliwahofia watoto wao. Lakini yatupasa kupambanua. Gitaa ni mbao na nyuzi. Halina utashi, na pasipo utashi hakuna dhambi. Kisu kile kile humchinjia mgeni kuku, na chaweza kumwua jirani. Wala hakuna hakimu akifungaye kisu gerezani.

Hata hivyo, kisicho dhambi si lazima kifae kila mahali. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 juu ya Liturujia, uliruhusu ala nyingine zaidi ya kinanda zitumike katika ibada kwa kibali cha wenye mamlaka, mradi zifae kwa matumizi matakatifu, zipatane na heshima ya hekalu, na kuwajenga waamini. Lakini Petra hawakutunga Misa. Basi tusiipime santuri yao kwa kipimo cha altare.

Iko hatari nyingine, wala haiwahusu vijana peke yao. Mtakatifu Augustino, katika Maungamo yake, akiri kwamba kila alipoguswa na uimbaji kuliko jambo lililoimbwa, alijihesabu kuwa ametenda dhambi. Naye alikuwa akisikiliza zaburi kanisani! Neno takatifu halimtakasi mtu kwa sababu tu limepambwa kwa sauti tamu.

Ewe mzazi, mwanao akileta nyumbani muziki wa namna hiyo, usiharakishe kuuzima wala kuusifu. Keti usikilize pamoja naye, kisha umwulize maneno yale yasema nini, na yamdai nini. Muziki ukiisha kunyamaza, je, asali? Amheshimu mama yake? Alipa deni lake? Hapo ndipo wimbo upimwapo, uwe wa gitaa au wa kinanda.