Gari Lililowekwa Juu ya Mawe

Swali ninalotaka kulizungumza katika kurasa hizi ni la zamani, wala si mimi niliyelianzisha: mtu akiwekewa amana, anatunza nini hasa? Anakitunza kitu, au anamtunza mwenye kitu? Nilipokuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu, na baadaye mkuu wake, ningelijibu swali hili kwa dakika tano mbele ya wanachuo, na wangeandika jibu langu madaftarini mwao. Leo nimestaafu, nimerudi Chamwino, umri wangu umepita miaka sabini, na jibu lile la dakika tano halinitoshi tena. Naomba msomaji anivumilie, maana itanibidi nianze na habari za gari.

Mwezi Machi 2020 rafiki yangu Mjerumani, aliyepata kufundisha hisabati pamoja nami chuoni miaka ya 1980, alifika kwangu yeye na mkewe. Walikuwa katika safari ya kutoka Cairo kwenda Cape Town, wakisafiri kwa lori kuukuu la Mercedes lililogeuzwa kuwa nyumba: ndani mlikuwa na kitanda, jiko la gesi, jokofu, tangi la maji na choo kidogo. Njia ile ya kale ambayo Waingereza waliiita Barabara Kuu ya Kaskazini hupita Dodoma mjini, na kutoka huko hadi Chamwino ni mwendo mfupi kwa barabara ya Morogoro. Walikusudia kupumzika kwangu siku tatu. Siku ya pili ikaja habari kwamba ugonjwa wa korona unafunga mipaka na viwanja vya ndege, na kwamba serikali yao inawahimiza wananchi wake warudi kwao. Wakafunga mabegi usiku uleule. Rafiki yangu akanipa ufunguo, akasema, "Mwalimu, nitunzie. Ni wiki chache tu." Nikautundika kwenye msumari karibu na kalenda.

Wiki zikawa miezi. Mwezi Agosti akaniandikia kwamba mwaka ule hatakuja, akaniomba nilitayarishe gari lake kwa ajili ya jua.

Wageni wengi hudhani kwetu ni jangwa. Sivyo. Uwanda huu uko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, usiku wake una ubaridi, na mvua, ingawa haba, hunyesha tangu Desemba hadi Aprili. Lakini kati ya Septemba na Novemba jua halina mpinzani. Hewa ya kivulini hufika nyuzi 30 na kuzidi, na ndani ya gari lililofungwa joto hupita nyuzi 50 bila shida. Wazee wetu Wagogo walilijua jua hili, ndiyo maana walijenga tembe, nyumba fupi yenye kuta nene na paa la udongo, ambamo mchana mtu huona ubaridi kama yu chini ya mbuyu. Gari la bati halina hekima ya tembe.

Basi mjukuu wangu na mimi, pamoja na fundi mmoja wa hapa, tulifanya kazi siku nne. Kwanza tulitoa kila kilicho chakula, hata punje za mchele zilizoanguka chini ya kiti, kwa sababu panya hahitaji mwaliko. Tukatoa mishumaa, dawa, na makopo yote ya kupulizia, ambayo yakipata joto kali hupasuka. Mtungi wa gesi tukaufunga, tukaung'oa na kuusimamisha kivulini nje ya nyumba. Maji yote tukayamwaga na kuacha mabomba wazi, maana maji yaliyolala katika tangi lenye joto huoza. Jokofu tukalisafisha kwa magadi, tukauzuia mlango wake kwa kipande cha ubao usijifunge. Jokofu lililofungwa likiwa na unyevu hutoa harufu isiyotoka tena.

Betri tukaitoa, waya wa hasi kwanza, tukaijaza maji ya betri na kuiweka ndani kwangu penye ubaridi, kwani joto huinyonya nguvu hata pasipo kazi. Tangi la dizeli tukalijaza mpaka juu, ili hewa yenye unyevu isipate nafasi. Matairi yalitusumbua zaidi. Tairi lililobeba uzito mahali pamoja miezi mingi huharibika umbo, na jua hupasua mpira wake pembeni. Tukainua ekseli kwa jeki, upande mmoja baada ya mwingine, tukaziegemeza juu ya mawe bapa na magogo, kisha tukayavisha matairi magunia. Matundu ya hewa ya juu tukayaacha wazi kidogo ili joto lipate pa kutokea, tukayaziba kwa wavu wa kuzuia nyigu. Mwisho tukajenga banda la miti na nyasi juu ya gari lote. Fundi alitaka tulifunike kwa turubai la plastiki; nikakataa, kwa sababu plastiki iliyolala juu ya bati hutunza joto na jasho.

Nakiri kwamba nilijivuna. Kila jioni nilizunguka lile banda nikiwa nimefunga mikono nyuma, kama nilivyokuwa nikikagua mabweni. Pepo za chamchela zilipopita na vumbi lake nilikwenda kuangalia kama magunia yamekaa. Nilimwandikia rafiki yangu barua ndefu nikimweleza kila jambo. Nilijiona kuwa mtu mwaminifu.

Usiku mmoja wa Novemba, yapata saa nane, jirani yangu aligonga mlango. Mkewe alikuwa na uchungu wa uzazi tangu jioni na sasa alikuwa akitokwa na damu. Hakuwa mtu wa kupandishwa pikipiki. Alikuwa amepiga simu kwa watu wawili wenye magari asiwapate. Akasema, "Mzee, lile gari la Mzungu lina kitanda."

Nilimjibu upesi. Nilimwambia kwamba gari si langu, kwamba liko juu ya mawe, kwamba betri imetolewa, na kwamba halina bima ya hapa. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini ndugu msomaji, sababu inaweza kuwa ya kweli na bado isiwe ndiyo iliyomwongoza mtu. Betri ilikuwa hatua sita kutoka mlangoni. Jeki ilikuwa chini ya kitanda changu. Watu watatu tungelishusha gari lile kwa saa moja na nusu, pengine mbili. Na leseni ninayo, nimeendesha gari la chuo miaka mingi. Hayo niliyafikiri baada ya jirani kuondoka. Alipokuwa amesimama mbele yangu, nilichokiona akilini ni godoro lile jeupe la rafiki yangu.

Jirani alikimbia gizani. Alipata pikapu ya mfanyabiashara wa zabibu, na mtoto alizaliwa njiani kabla ya kufika mjini. Mtoto alipona. Mama alilazwa wiki tatu, na daktari aliwaambia kwamba wangechelewa kidogo tu wangempoteza. Siwezi kusema kwa hakika kama gari langu la amana lingewafikisha mapema zaidi. Huenda lisingewafikisha. Lakini mimi sikukataa kwa sababu nilipiga hesabu hiyo. Nilikataa kabla ya hesabu.

Tangu hapo nimejitetea mara nyingi, na utetezi wangu una nguvu, sitaki kuudharau. Ukarimu unaofanywa kwa mali ya mtu mwingine ni wizi uliovaa nguo nzuri. Katika utumishi wangu nimeona magari ya umma yakibeba maharusi, na saruji ya shule ikijenga nyumba ya mtu, na kila mara mhusika alikuwa na shida ya kweli ya kueleza. Kila mmoja alisema kwamba mwenye mali angekubali. Niliwafundisha vijana kwamba chaki ya shule hairudi nyumbani mfukoni, hata kama mtoto wako hana chaki. Nikiilegeza kamba hii kwa usiku mmoja, nitaikaza tena kwa neno gani?

Hata hivyo utetezi huo unashindwa mahali pamoja. Plato, katika kitabu chake cha Jamhuri, anamleta Socrates na swali hili: rafiki yako alikuwekea silaha akiwa na akili timamu, kisha akarukwa na akili, akaja kuzidai, je, ni haki kumrudishia? Wote wanakubali kwamba si haki. Basi amana si kurudisha kitu tu. Iko haja ya kuuliza kitu hicho kinamfanyia nini mtu. Na wale tuliolelewa kanisani tunamkumbuka mtumishi aliyeifukia talanta ya bwana wake ardhini. Hakuiba hata senti. Aliirudisha kama alivyopewa, naye akalaumiwa. Nilipokuwa kijana niliona ameonewa. Sasa namwelewa vizuri kupita ninavyopenda.

Nadhani tofauti kati ya mwizi na mtunzaji mwema anayeigusa amana ni hii. Mwizi husema mwenye mali angekubali, kisha akanyamaza, na hasara ikija humwachia mwenye mali. Mtunzaji mwema huigusa mbele ya mashahidi, humwandikia mwenye mali siku ileile, na huwa tayari kulipa yeye mwenyewe godoro, tairi na lawama. Anayeigusa amana bila gharama kwake ajitilie shaka. Na anayekataa kuigusa bila gharama kwake, naye vilevile ajitilie shaka. Kukataa kwangu usiku ule hakukunigharimu chochote; gharama alibeba mwanamke aliyelala nyuma ya pikapu, juu ya makreti ya zabibu.

Rafiki yangu alirudi mwaka 2022. Tulilishusha gari, tukarudisha betri, na injini ikawaka mara ya pili tulipojaribu. Aliyagusa matairi akasema hajapata kuona gari lililotunzwa hivi. Jioni nikamsimulia habari ya jirani. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Ungelichukua, Mwalimu." Sikupata faraja katika neno hilo. Ni rahisi kulitoa baada ya jambo kupita, na ni kweli pia kwamba kama angeniambia hivyo siku alipoondoka, kazi ya siku nne ingefanywa kwa namna nyingine. Lakini kosa lilikuwa langu kwanza. Yeye aliondoka kwa haraka. Mimi nilikuwa na miezi mingi ya kumwandikia. Nilimwuliza kuhusu gesi, maji ya betri na upepo wa matairi. Sikumwuliza: ikitokea dharura ya mtu, nifanye nini?

Hilo ndilo ninalowaachia wasomaji, hasa vijana ambao siku moja watakabidhiwa ufunguo wa stoo, wa gari au wa zahanati. Ukipokea amana, uliza swali hilo mwenye mali akiwa bado amesimama mbele yako. Tukilikinga gari na jua, panya na kutu bila kufikiria siku ya haja, tumelitayarisha nusu.

Jirani yangu hakunilaumu hata siku moja. Hupita akanisalimu, "Mbukwa, Mzee," lakini haketi tena barazani kama zamani, nami sijapata kumwomba radhi kwa maneno yaliyonyooka. Binti yake ameanza shule. Asubuhi hupita mbele ya mahali lilipokuwa banda, ambapo mawe bado yapo, na huruka kutoka jiwe hadi jiwe kabla ya kusema, "Shikamoo, Babu." Nami humwitikia. Nimeamua kwamba kabla mvua za mwaka huu hazijaanza nitakwenda kwao, nitaketi, na nitamweleza baba yake nilichokuwa nikikiona akilini usiku ule.