Deni la Siri

Zamani mkopaji alibisha hodi kwa jirani, na haya ikamzuia asizidishe. Leo twakopa kwa simu usiku, wake zetu na watoto wamelala. M-Shwari ilipoanza mwaka 2012, ada yake, waiite watakavyo, ilikuwa asilimia 7.5 kwa mwezi. Mwenye kurudia mkopo wa shilingi 1,000 kila mwezi hutoa 900 kwa mwaka, na ile 1,000 ingali shingoni.

Je, ni fedha za baba peke yake? Hasha! Ni maziwa ya mtoto na karo yake. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, yaamrisha deni liandikwe. Basi tuyaandike yote, tuwasomee wake zetu, wala tusikope jipya kulipia la kale. Haya tuliyokosa wakati wa kukopa, tusiione wakati wa kukiri.